Makapu Mazuri ya Mtaa wa Majaruba

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta. Akiwa na pua nzima, inatosha. Ni nchi inayopenda usafi kuliko zote duniani, na ushahidi upo: ina Wizara ya Usafi, ina Wimbo wa Usafi unaopigwa redioni kabla ya taarifa ya habari, na ina Siku ya Usafi, ambapo wafagiaji wote huachishwa kazi kutwa nzima ili waende kwenye gwaride. Kitu kimoja tu ilikikosa wakati huo. Haikuwa na gari la taka.

Zamani lilikuwepo. Lilikuwa lori kuukuu lililopita mitaani kila wiki likipiga honi, watu wakalikimbilia na ndoo zao. Likaondolewa kwa heshima kubwa. Wizara iliitisha mkutano wa mataifa kuhusu usafi, wajumbe wakawa wengi, masanduku yao yakawa mazito, na lori likachukuliwa kubeba masanduku. Mkutano ukaisha, wajumbe wakarudi makwao, lori halikurudi. Sisi raia watiifu hatukuuliza. Tulisema moyoni, mkutano wa maana kama ule lazima bado una masanduku.

Mtaa wetu wa Majaruba uko bondeni, na katikati yake palikuwa na uwanja ambao watoto walichezea mpira. Taka zikaanza kutupwa pembeni ya uwanja. Mwanzoni watu walitupa kwa aibu, wakitazama huku na huku kama wezi. Baadaye aibu ikaisha, na pembeni nayo ikaisha. Lundo likala goli la kwanza, likala goli la pili, likaziba mfereji wa maji ya mvua, likapanda mpaka likapita paa la nyumba ya Mwanaheri.

Mwanaheri alikuwa mjane mwenye watoto wawili, Chausiku na Mbwana. Alipika vitumbua asubuhi na kuviuza mlangoni kwake, na biashara ilikwenda vizuri hadi nzi walipoanza kuwahi kuliko wateja. Rafiki yake mkubwa alikuwa Siwema, fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, ambaye alikuwa na tabia mbaya sana kwa raia wa nchi yetu. Akiambiwa jambo, aliuliza kwa nini.

Siku moja wanawake hao wawili walivaa kanga zao nzuri wakaenda Wizarani kuomba lori. Walisubiri ukumbini mpaka makalio yakafa ganzi, kisha wakaingizwa kwa Waziri, Mheshimiwa Dokta Ngwandu Malisela. Udaktari wake ulikuwa wa heshima; alitunukiwa na chuo alichokifungua yeye mwenyewe.

"Mheshimiwa," Siwema alisema, "tumekuja kuomba lori la taka."

"Lori," Waziri alirudia taratibu, kama mtu anayeonja chakula cha kigeni. "Na humo majumbani mwenu, mama zangu, taka mnazitia ndani ya nini?"

Mwanaheri alidhani ameulizwa swali la kweli, akajibu kweli. "Ndoo ya rangi, Mheshimiwa. Mpini umekatika, lakini inafaa."

Waziri akavua miwani. Akamgeukia katibu wake, akamtazama kwa huzuni, kisha akawarudia wageni.

"Ndoo ya rangi! Unaona, Katibu? Unaona tatizo lilipo? Taka haina mahali pa kukaa kwa staha ndani, ndiyo sababu inatoka nje kuzurura. Mama, hebu fikiri. Wewe ungekubali kukaa ndani ya ndoo ya rangi?"

"Mimi nakaa chini ya lundo, Mheshimiwa," Mwanaheri alisema.

"Hatimaye tumefika kwenye kiini," alisema Waziri, na mkutano ukafungwa.

Jioni ya wiki ile ile alihutubia taifa. Sote tulisikiliza, maana redio zilikuwa hazina kingine. "Ndugu wananchi," alisema, "nyumba hujulikana kwa kapu lake la taka. Mtu mstaarabu halichagui kapu kwa pupa. Sebuleni huweka kapu la ukindu lililosukwa kwa rangi zinazokubaliana na pazia. Chumbani huweka kapu dogo, jembamba, la kuingia kati ya kitanda na kabati bila kuonekana. Jikoni huweka kapu la chuma kisichoshika kutu, la kukanyaga kwa mguu, mfuniko ufunguke wenyewe, mikono ibaki misafi. Bafuni huweka la duara, lenye mfuniko, la rangi ya kutuliza moyo. Kuanzia leo hayo si mapambo. Ni sheria."

Kwa bahati njema, kulikuwa na duka lililokuwa tayari limejaza makapu ya aina hizo zote. Kwa bahati njema zaidi, mwenye duka alikuwa shemeji yake Waziri, mtu aliyeonyesha uzalendo kwa kuyaagiza makapu miezi kadhaa kabla ya hotuba. Siwema aliuza herini zake, Mwanaheri aliuza sufuria kubwa na kaango moja la vitumbua, na mtaa mzima ukapendeza.

Tatizo dogo lilijitokeza kwa Siwema. Yeye na mumewe Kibwana, mlinzi wa ghala, walipanga chumba kimoja. Sheria ilitaka makapu manne. Kibwana, aliyelala mchana baada ya zamu, akawa analala na kapu la ukindu kichwani, la duara miguuni, lile jembamba likimchoma ubavuni, na akijigeuza mguu wake unakanyaga la chuma, mfuniko unafunguka kwa kishindo, anaruka akidhani mwizi kaingia.

Kisha akaja Mkaguzi wa Makapu. Aliitwa Bwana Kaseko, mtu wa makamo aliyewahi kufundisha uchoraji shuleni kabla somo hilo halijafutwa. Alitembea na vipande vya vitambaa vya rangi mbalimbali, vya kulinganishia kapu na pazia.

"Hodi. Nakagua. Sebule iko wapi?"

"Hapo uliposimama," Siwema alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Chumba cha kulala?"

"Hapo hapo."

"Na jiko?"

"Sogea kidogo, baba. Umelikanyaga."

Bwana Kaseko alisogea, akaomba radhi kwa jiko la mkaa, akaliendea kapu la chuma na kukanyaga. Mfuniko ukafunguka. Akachungulia, akarudi nyuma.

"Nini hiki?"

"Ganda la chungwa."

"Nani amelitia humu?"

"Mimi. Kwani kapu la nini?"

"Kapu la taka, dada yangu, lakini si la kutiwa taka!" Uso ulimshuka, ilionekana hata yeye alisikia alichosema. Akaendelea kwa sauti ya chini, kama anayesoma kitu alichokaririshwa. "Kapu likitiwa taka linachafuka. Likichafuka halipendezi. Lisilopendeza linavunja kifungu cha kwanza. Nisamehe, lazima nikuandikie faini."

"Sasa taka nizitie wapi?"

Bwana Kaseko akatazama dirishani. Lundo lilijaa dirisha zima. "Hilo," alisema, "haliko chini ya idara yangu."

Hivyo ndivyo makapu yalivyoongeza lundo. Zamani mtu aliweza kuhifadhi taka ndani siku mbili tatu, akatumaini muujiza. Sasa kila ganda na kila kipande cha karatasi kilikimbizwa nje mara moja, mkaguzi asikikute. Nyumba zetu ziling'aa. Watoto wakaanza kuharisha. Chausiku, binti wa Mwanaheri, aliharisha mpaka macho yakazama, na Siwema alimbeba mgongoni kwenda zahanati kwa sababu hakuna gari lililokubali kuingia mtaani. Mtoto alipona. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Mwanaheri haukupona. Ulilowa, ukavimba, ukaanza kuinama ndani. Mwanaheri akauegemeza kwa magogo, akarudi Wizarani peke yake.

"Walisemaje?" Siwema alimuuliza aliporudi.

"Wameniuliza kama kapu langu la bafuni lina mfuniko."

"Ukawajibu?"

"Nimewaambia sina bafu." Mwanaheri alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla. "Siwema, ule ukuta unalia. Nikilala nausikia. Nikihama nitahamia wapi na watoto, na nimeuza hata sufuria?"

"Njooni kwangu."

"Kwako pamejaa makapu," Mwanaheri alisema, na ilikuwa kweli.

Basi zikafika habari kwamba wageni wakubwa kutoka nchi za mbali, zile zinazotoa misaada, wanakuja kujionea mafanikio ya makapu, na mtaa uliochaguliwa ni wetu, kwa kuwa ulikuwa haujafeli ukaguzi kwa muda. Katibu wa Waziri alikuja mwenyewe, leso puani, na nyuma yake watu wamebeba majora ya kitambaa cha kijani yasiyo na idadi. Akaenda moja kwa moja barazani kwa Siwema.

"Fundi, unakiona kile?" Alinyoosha kidole kwenye lundo.

"Nakiona. Na nakinusa."

"Tunataka kivae."

Siwema alisimamisha cherehani. "Kivae?"

"Vazi la kijani, lenye maua. Kutoka kileleni hadi chini, lisiache kitu wazi. Wageni wakiuliza, ni kilima."

"Kwa nini msikiondoe?"

"Fundi, wewe umeitwa kushona."

Siwema akamtazama mpaka Katibu akahamisha leso kutoka pua hadi paji la uso. "Nitashona," alisema mwishowe. "Ila nataka lori. Sitaki ujira. Lori lije hapa, na lianze nyuma ya nyumba ya Mwanaheri."

Katibu alikwenda pembeni, akapiga simu, akarudi anatabasamu. "Mheshimiwa ameahidi. Shona, lori litakuja kabla wageni hawajafika."

Usiku kucha Siwema alibishana na nafsi yake, na asubuhi akamweleza Mwanaheri. Alitarajia kulaumiwa. Mwanaheri akamkumbatia. "Shona, mwenzangu. Lori likija, hata ungekuwa unamshonea shetani kanzu, mimi ningekupigia pindo." Na kweli alimsaidia. Wanawake wa mtaa walikaa chini wakaunga vipande, wakaimba, wakataniana, na mara ya kwanza tangu mkutano wa mataifa tukasikia kicheko uwanjani. Vazi likapandishwa kwa kamba, likafungiwa vigingi. Siwema ni fundi kweli. Lundo lilipendeza kuliko bibi harusi.

Asubuhi ya ugeni tukasikia honi. Ilikuwa honi ile ile! Watu walitoka mbio. Siwema aliwatangulia, akaushika mlango wa dereva kabla injini haijazimwa.

"Karibu, baba, karibu sana. Anzia huku nyuma, kwa Mwanaheri, ukuta wake umechoka."

Dereva akamtazama kwa huruma. "Mama, mimi nimeleta viti."

Lori lilishusha viti vya wageni, hema na zulia jekundu. Ahadi ya Waziri ilikuwa imetimia, maana lori lilikuja, na lilikuja kabla ya wageni. Wageni wakaja, wakakaa, wakaonyeshwa makapu matupu yaliyopangwa milangoni. Walisifu ukindu. Mmoja alikanyaga kapu la chuma mara nyingi kwa furaha. Waziri akapanda jukwaani na kukizindua Kilima cha Usafi, akasema nchi nyingine zimezaliwa na vilima, lakini yetu imejenga cha kwake kwa jasho la wananchi. Makofi yakalia. Siwema hakupiga. Alikuwa amesimama nyuma ya viti, macho kwenye lori, na lori lilipomaliza kupakia viti na kuondoka aliendelea kutazama mahali lilipokuwa.

Wageni hawakuwa wamefika mbali mvua iliponyesha. Ilinyesha kutwa, ikanyesha na kesho yake. Vazi la kijani halikupitisha maji nje; liliyakusanya ndani kama tumbo. Asubuhi iliyofuata, watoto wakiwa wameshakwenda shule, tulisikia mlio kama wa nguo nene inayochanwa, kisha kishindo, kisha hatukusikia kitu. Kilima cha Usafi kilikuwa kimeshuka. Pale palipokuwa na nyumba ya Mwanaheri palikuwa na taka, na juu ya taka maua.

Hatukuwa na sepetu za kutosha kumfukua Mwanaheri. Sijui nani alikuwa wa kwanza kuingia ndani na kutoka na kapu. Punde kila mtu alikuwa nalo. Yale ya ukindu yalipasuka upesi, yale membamba hayakubeba kitu, yale ya duara yaliachia matako. Ya chuma yalijitahidi. Makapu ya nchi yetu yalitiwa taka kwa mara ya kwanza, taka iliyotolewa juu ya mwili wa mtu.

Bwana Kaseko alitokea katikati ya kazi, amelowa chapachapa, vipande vyake vya rangi mkononi. "Jamani," alisema, "hayo makapu ni..." Siwema akamgeukia. Hakumtukana. Alimsukumia kifuani kapu la chuma lililojaa matope.

"Mwaga hilo, ulete."

Bwana Kaseko aliviangusha vitambaa vyake, akavua viatu, akamwaga, akaleta. Alichota mpaka kucha zikatoka damu.

Tulimpata Mwanaheri karibu na mlango. Alikuwa amebakiza hatua chache. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimemzunguka mwilini na kumfunga miguu, na Siwema aliutambua mshono. Watu walitaka kumtoa haraka. Siwema akasema wamwachie. Aliagiza mkasi wake, akapiga magoti kwenye matope, akakata uzi baada ya uzi, polepole, bila kulia, kana kwamba ni nguo ya mteja isiyotakiwa kuharibika. Alipomaliza alisema, "Mshono wangu haukuachia. Laiti ungeachia." Hapo ndipo akalia.

Serikali yetu haichelewi panapo msiba. Kabla hatujazika, redio ilikwishatangaza matokeo ya uchunguzi. Marehemu, ilisema, alijenga karibu mno na mandhari.

Waziri alikuja matangani kwa msafara wa magari. Akawekewa kiti, wengine tukiwa kwenye mikeka. Alisema nchi imepoteza mama shupavu. Alisema makapu yamethibitisha uimara wake katika hali ya dharura. Kisha akaashiria, na Katibu akaleta zawadi ya mayatima imefungwa utepe. Chausiku na Mbwana wakasukumwa mbele. Utepe ukafunguliwa. Lilikuwa kapu la taka, la rangi ya dhahabu.

Chausiku alilishika lile kapu kwa mikono miwili, akatazama ndani, akamwuliza Siwema, "Shangazi, tutie nini humu?"

Siwema akasimama. Tulidhani atapiga kelele. Hata walinzi walidhani, wakasogea. Lakini alizungumza kwa upole ambao sijausikia tena maishani mwangu.

"Mheshimiwa, asante kwa kuja. Kwetu mgeni wa msiba hatoki mikono mitupu, wala haachwi aondoke msiba ukiwa na deni. Kaa. Tunakuletea kahawa. Lori likifika na kuondoa kilichomuua mwenzetu, tutakusindikiza."

Waziri akacheka kidogo. "Mama, nina kikao."

"Na Mwanaheri alikuwa na ukuta," alisema Siwema. "Kaa, baba."

Hakuna aliyemgusa. Naandika hili kwa msisitizo, kwa sababu baadaye yalisemwa mengine. Waombolezaji walinyanyua tu mikeka yao, wakaitandika upya: mbele ya magari, nyuma ya magari, ubavuni mwa magari, wazee na wanawake wanaonyonyesha, wakaketi. Mashehe wakaendelea kusoma. Kahawa ikaletwa. Nzi, waliokuwa hawajawahi kukutana na Waziri ana kwa ana, wakamkaribia kumsalimu. Walikaa kwenye tai yake, wakakaa kwenye kikombe, mmoja akakaa kwenye mdomo wa chini na kutulia.

"Mnaishije hapa?" Waziri alinong'ona.

"Hatuishi," alijibu Bwana Kaseko, aliyekuwa ameketi mkekani pekupeku. "Unatuzika."

Waziri akatoa simu. Kahawa haijapoa, honi ikasikika. Lori letu kuukuu lilitokea shambani kwake, likiwa bado na samadi ya ng'ombe wake. Likaonekana dogo kwa kazi ile, naye akapiga tena simu, na tena. Likaja la pili kutoka kwa shemeji, la tatu kutoka kwa Katibu, kisha yakaja mpaka yakapanga foleni, na katapila pia. Kumbe nchi yetu ilikuwa tajiri wa malori kiasi kile! Ilipofika adhana ya magharibi uwanja ulionekana, mchanga mtupu, mweusi, unaonuka. Mikeka ikakunjwa. Siwema alimsindikiza Waziri hadi kwenye gari, kama alivyoahidi, akamfungulia mlango.

Bwana Kaseko alifukuzwa kazi kwa kuchafua makapu ya umma. Siwema alikamatwa, akashtakiwa kwa ukarimu uliopita kiasi, akafungwa miezi kadhaa, na alipotoka alikuta cherehani yake imetaifishwa. Siku hizi anashona kwa mkono. Chausiku na Mbwana wanaishi naye, na chumba kinawatosha, kwa kuwa hakina tena kapu hata moja.

Na serikali, ambayo hujifunza upesi kutokana na makosa, ilipitisha sheria mpya kwa kauli moja. Waziri haruhusiwi kuhudhuria msiba wowote kabla haijathibitishwa kwamba marehemu hakuuawa na uzembe wa serikali. Miaka imepita. Mawaziri wetu wanangoja wamevaa suti nyeusi, magari yamewashwa. Hawajapata msiba wa kwenda.